Jibu Nililokupa kwa Kiingereza

Mwanangu Rukia,

Nimefukuzwa sebuleni kwangu mwenyewe. Wanawake wa mtaa wetu wa Kuze wamekuja kukuaga, viatu vyao vimejaa ukumbini mpaka kwenye ngazi, na mama yako amenitazama kwa lile jicho unalolijua, nikachukua kalamu nikapanda darini. Nimekaa juu ya gunia la mkaa. Watu wameshaswali alasiri, jua limelegea kidogo, na huko chini nasikia vicheko vyenu na kunukia kwa kaimati ambazo hakuna aliyekumbuka kuniletea.

Sitakwambia habari ya sweta. Mama yako ameshakwambia ya sweta, na ya dawa ya tumbo, na ya kutokunywa maji ya barabarani huko Pune, India, na mimi sina la kuongeza. Nimepanda huku kwa jambo moja, nalo ni lile jibu langu.

Bila shaka unakumbuka. Ilikuwa Ijumaa, tumemaliza kula pilau, ukaja ukakaa mkekani mbele yangu na mtandio wako kichwani kama mtu aliyekuja kuposa. Ukasema, "Baba, chuo kimenikubali. Nataka kwenda, lakini siendi bila ya radhi yako. Waniridhia?"

Nami nikakujibu kwa Kiingereza. Nilikwambia kwamba ombi lako limepokelewa, litafikiriwa, na utajulishwa. Ndiyo maneno ninayowaandikia wateja wa ofisini kila siku, na siku ile yalinitoka yenyewe, yamepigwa pasi na kukunjwa. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Ahsante, baba," ukakusanya sahani ukaenda jikoni. Nilisikia maji yakifunguliwa. Nikajiambia mtoto ameelewa.

Tangu hapo kila kitu umekipata. Nilimwambia mama yako, mwambie akapige picha za pasipoti. Mwambie tiketi iko tayari. Mwambie nimezungumza na yule jamaa wa Pune, atampokea. Na wewe ulikuwa ukirudisha majibu kwa mama yako vilevile, mwambie baba nimeshapiga, mwambie baba ahsante. Tukawa tunaishi nyumba moja kama ofisi mbili. Mpaka majuzi mama yako alikuwa akikanda unga wa mahamri, akaniambia bila ya kuinua kichwa, "Baba Rukia, mtoto amepata ruhusa. Radhi hajapata."

Nikamuuliza si ni kitu kimoja.

"Labda huko ofisini kwako," akasema, akaendelea kukanda.

Nimekuwa nikilitafuna neno hilo. Na kwa vile unakwenda kusomea hizi hizi kompyuta, nitakueleza kosa langu kwa njia ninayoiweza, kwa kisa cha kazini. Nusu yake unaijua. Nusu nyingine sijapata kukwambia, kwa sababu maneno yako wewe yamo ndani yake, na niliona haya.

Unaijua ile mashine iliyowekwa kaunta pale ofisini Kilindini, mwaka ule bosi aliposikia kwamba wenzake wote wana ukurasa wa intaneti na yeye hana. Mteja anayengojea mzigo wake kutoka ng'ambo alikuwa akifika, anagusa lugha yake, Kiswahili au Kiingereza, anaandika jina lake na la meli, kisha anakwenda zake. Mimi na Mwadime, yule mwenzangu wa Taita aliyekuja kula idi kwetu, ndio tulioijenga. Hatukuanza chini kabisa. Tulitumia kiunzi, yaani programu iliyokwisha kutengenezwa nusu na watu wengine, ambayo wewe unaimalizia kwa haja zako. Na kiunzi kile kilikuwa na jambo zuri sana: maneno yote ambayo mteja atayaona hayakuandikwa ndani ya programu, bali yaliwekwa kando katika mafaili, faili moja kwa kila lugha. Kiunzi humtazama mteja, kikajua lugha yake, kikachota maneno kwenye faili lake.

Faili la Kiswahili nililiandika mimi kwanza. Ulikuwa bado unavaa sare ya shule, ukalisoma begani kwangu ukacheka mpaka ukakaa chini. Ulisema Kiswahili changu kinanukia wino wa mhuri. Ukalichukua ukaliandika upya lote, na pale nilipokuwa nimeandika kwamba shehena ya mteja imewasili na anatakiwa kufika bila ya kuchelewa, wewe uliandika: "Mzigo wako umefika salama, alhamdulillahi. Karibu uje tukupe, usikawie, kwani bohari halina subira." Bosi alisita kidogo, kisha akasema liache hivyo hivyo. Nilijivuna kwa faili lile nisivyopata kujivuna kwa kazi yangu mwenyewe.

Sasa, ilani yenyewe ya kwamba mzigo umefika haikuwa ikitoka pale pale. Meli huenda ikachukua wiki, na mteja hawezi kusimama kaunta akiingoja. Kwa hivyo mteja akiondoka, kazi yake ilikabidhiwa nyuma. Ndani ya programu mna vijitu mafundi wanaviita nyuzi, kila uzi unafanya kazi yake peke yake. Uzi wa mbele humhudumia mteja aliyesimama. Nyuzi za nyuma hazimwoni mtu. Zinakagua orodha za meli, na mzigo ukitokea zinaandika ilani, zinaipeleka kwenye mashine ya kuchapa, na tarishi anaitia posta.

Bi Mwanaisha alikuja siku za mwanzo mwanzo. Humjui kwa uso, lakini umepita mlangoni kwake mara nyingi, ile nyumba ya baraza ya kijani baada ya madrasa. Bintiye alikuwa ameolewa Maskati na akafia huko, na mkwewe akamletea sanduku la vitu vyake kwa meli. Hakukuwa na kitu kingine kilichobaki cha mtoto yule. Alinipa jina la meli, nikamwonyesha mashine, akagusa neno Kiswahili kwa kidole chake mwenyewe, na maneno yako yakamkaribisha. Alifurahi mno. Akaniambia, "Hini mashine ina adabu, mwanangu. Imefundwa na nani?" Nikamwambia na binti yangu.

Sanduku likafika. Uzi wa nyuma ukaona, ukataka kuandika ilani. Ukauliza, lugha gani? Na hapo hapakuwa na mtu. Lugha ya Bi Mwanaisha ilikuwa imefungwa kwenye uzi wa mbele uliomhudumia siku ile, na uzi ule ulishamaliza kazi yake naye na kumsahau kama ulivyofunzwa. Kiunzi kisipopata lugha ya mtu huchukua lugha ya mashine yenyewe. Na mashine yetu, kama sote wa ofisi ile, lugha yake ya mazoea ilikuwa Kiingereza.

Hatukujua. Wateja wengi walikuwa mawakala na wafanyabiashara, Kiingereza kwao ni chai ya asubuhi, hakuna aliyelalamika. Ulikuwa ukiniuliza, "Baba, watu wasemaje juu ya maneno yangu?" nami nikikujibu wanayapenda, na hakuna hata ilani moja iliyokuwa imetoka nayo.

Bi Mwanaisha alipopata ilani yake alifanya jambo ambalo nadhani ni sisi watu wa mji huu tu tunaoweza kulifanya. Alivaa buibui lake, akatoka Kuze na jua lile, akaja mpaka Kilindini kuirudisha. Nilikuwa kaunta mimi mwenyewe. Tukasalimiana kama inavyopasa, habari za nyumbani, za mama yako, za watoto, za marehemu mama yangu ambaye alimjua, na simu nyuma yangu inalia, na mimi moyoni nahesabu kazi zinazoningoja. Kisha akanipa ile karatasi. "Imepotea ndia, mwanangu, imenijia mimi. Naona ni ya Mzungu fulani, nami sitaki kumzuilia mtu haki yake. Mimi yangu naingoja, ile ya Kiswahili."

Nikasema ahsante mama, Mungu akujaze kheri. Nikaiweka trei. Sikuifungua, Rukia. Jina lake lilikuwa humo, limezongwa na Kiingereza kile, lingeniruka machoni, lakini simu ilikuwa inalia.

Aliingoja ya Kiswahili kwa sababu tulimwahidi ya Kiswahili. Sheria ya mzigo usiodaiwa unaijua, hupigwa mnada. Alipokuja tena kuuliza, Mwadime aliingia nyuma kutazama, akarudi mikono mitupu, akanivuta kando. "Mzee, lilishauzwa," akaniambia. "Na ilani ilitoka. Ilitoka kwa Kiingereza."

Ilibidi niende mbele nikamwambie. Nakuapia, nilipofungua mdomo neno la kwanza lililonitoka lilikuwa la Kiingereza, la kuomba radhi kwa usumbufu uliotokea. Nikajisikia, nikalikatiza, nikaanza tena. Yeye hakulia wala hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kile kiti cha wateja, akajirekebisha buibui, akaniuliza kama naweza kumpa maji.

Nililitafuta sanduku lile kwa muda wangu wote wa mapumziko, na mama yako akidhani nina mke mwingine. Nililipata kwa muuza vifaa vya kushonea, kichochoro kimoja nyuma ya Biashara Street. Nguo na kanga zote zilikuwa zimekwenda, zimeuzwa kwa huyu na yule, hakuna awezaye kuzikusanya tena. Sanduku alikuwa ametilia vifungo. Nilimweleza, naye Mungu amjaze kheri, alivimwaga vifungo vyake juu ya gazeti akanisaidia kulipandisha mkokoteni.

Bi Mwanaisha alilifungua pale barazani kwake. Lilikuwa tupu, na mimi nimesimama natazama chini. Akainama akatia kichwa ndani, akakaa hivyo kitambo, mpaka nikaogopa. Alipotoka alisema, "Haujatoka. Udi wake u humu." Akalifunga haraka asije akaumaliza. Kisha akaniambia nisijitese, kwamba mashine haina makosa, haikumjua yeye ni nani.

Nilirudi kwa miguu nikilifikiri hilo, kwa sababu mashine ilimjua. Ilimjua vizuri sana alipokuwa amesimama mbele yake. Ilimsahau alipotoka mlangoni.

Katika kulirekebisha kosa hilo nilikosea mara mbili zaidi, na haya nakuandikia ili yakikupata huko usidhani wewe ndiwe mjinga wa kwanza. Mara ya kwanza, kwa hasira, niliibadilisha lugha ya mashine nzima ikawa Kiswahili. Wiki ile ile wakala wa meli, Mgiriki mmoja mkali, akapiga simu kuuliza hii alhamdulillahi ni ushuru mpya au ni nini. Mara ya pili nikajiona mjanja. Nikaamuru kila uzi wa nyuma, kabla ya kuandika, ubadilishe lugha ya mashine iwe ya mteja wake, ukimaliza uirudishe. Mwadime alinitahadharisha kwamba mashine ni moja na nyuzi ni nyingi. Sikumsikiliza. Uzi mmoja uliweka Kiswahili, na kabla haujamaliza kuandika mwenzake akaweka Kiingereza, na Mgiriki yule yule akapata ilani ambayo juu inamkaribisha kwa Kiswahili chako na chini inamuaga kwa Kiingereza changu. Mwadime aliibandika ukutani, na iko pale mpaka leo.

Mwishowe tulifanya lililokuwa la kufanya tangu mwanzo. Pale mteja angali amesimama, kabla kazi yake haijakabidhiwa nyuma, tunaichukua lugha yake na kuifunga pamoja na kazi, zisiachane. Uzi wa nyuma ukiipokea kazi, kwanza unajivika lugha ile, wenyewe tu, bila ya kumgusa mwenzake. Unaandika. Kisha unaivua kabla ya kushika kazi nyingine, usije ukamzungumzia mteja wa pili kwa ulimi wa mteja wa kwanza. Ni mistari michache tu. Siku ilani ya kwanza ya Kiswahili ilipotoka kwenye mashine ya kuchapa, nilisimama nikayasoma maneno yako mpaka karani akaniuliza kama kuna msiba.

Huko Pune watakufundisha haya kwa majina makubwa. Kila mtu siku hizi anazungumzia mwaka elfu mbili na kompyuta zitakazochanganyikiwa tarehe, na nadhani utakuta kazi tele. Mimi sikukuandikia kwa ajili ya kompyuta.

Nimekuandikia kwa sababu nimejiona. Mimi ni mtu wa lugha ya mazoea. Niliingia bandarini kijana, na pale ukitaka kusikilizwa useme Kiingereza, na nikajifunza kwamba jambo likiwa zito, likiwa la hatari, hilo ndilo la kulisemea Kiingereza. Nikazoea. Ulipoanguka kichochoroni ukavunjika mkono, ungali mdogo hata kusoma hujui, nilikuokota nikakuuliza kimetokea nini kwa Kiingereza, nawe ukazidi kulia, ukinitazama kama mtu usiyemjua. Mama yako ndiye aliyetoka akasema, "Pole mama, pole, n'onyesha," na wewe ukatulia. Nilijua siku ile. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuacha ni kingine.

Na nikiwa sina hofu nilikuwa natumia njia ya nyuma. Mwambie Rukia hivi, mwambie Rukia vile. Nikimpa mama yako kazi tupu, amri tupu, bila ya kumpa na ile lugha ambayo moyoni mwangu nilikuwa nimeisemea. Alikuwa akikuletea alichopewa. Mapenzi yalibaki na mimi, mfukoni, na wewe ukapata ratiba. Kama umekua ukidhani baba yako ni mtu wa ratiba, hukukosea kusoma, ndivyo ilivyokuwa imeandikwa.

Ijumaa ile uliponiuliza niliingiwa na hofu, Rukia, ndiyo habari yote. Nilikuona mkekani nikaona mkeka ule bila ya wewe. Nikaona nani atanicheka Kiswahili changu. Nilitaka kusema usiende, na nilijua sitasema usiende, kwa sababu nilikulea ili uende, na kati ya maneno hayo mawili nikakimbilia mahali ninapokimbilia siku zote. Haukuwa ubaridi. Laiti ungaliweza kunisikia kwa ndani, ungalisikia kelele.

Nakuomba jambo moja, na si sharti. Huko uendako utajifunza lugha nyingi, za watu na za mashine, na utapata kazi yako, na utakuwa na haraka, na simu itakuwa inalia nyuma yako. Ukituandikia, mwandikie bibi yako mzaa mama kwa Kiswahili cha bibi yako, na mama yako kwa chake. Na mimi niandikie kwa kile ulichoandikia faili lile. Nataka niwe miongoni mwa watu wanaoambiwa alhamdulillahi.

Sauti zinapungua chini, naona wageni wanaanza kuvaa viatu. Barua hii sitaipitisha kwa mama yako. Nitakutilia mkononi mimi mwenyewe, sasa hivi, nikishuka.

Kesho alfajiri utasimama mlangoni na sanduku lako, na watu watakuwapo, mjomba wako na majirani na Mwadime na gari la kuazima, na utanibusu mkono kama mtoto aliyefunzwa. Nataka uniulize tena. Niulize vilevile ulivyoniuliza, mbele yao wote. Nimefanya mazoezi hapa juu ya gunia la mkaa, na paka wa jirani amenisikiliza mpaka amechoka. Lakini najijua. Huenda nikakuona umesimama pale na ulimi ukarudi kwenye mazoea yake, nikakutakia kwa Kiingereza safari njema na mafanikio mema. Ikiwa hivyo, mama, usiniamini. Fungua tena barua hii ndani ya ndege, usome hapa chini. Jibu lako ni hili, na hili ndilo lililokuwa tayari Ijumaa ile kabla hujamaliza kuuliza:

N'mekuridhia, mwanangu. N'mekuridhia radhi ya baba kwa mwanawe, haina kasoro wala haina muda. Enda, mamangu. Uko nayo hapa duniani, na kesho akhera nitasimama niseme nilikupa.

Babako